Je, Yafaa Mkristu Aweke Wakili katika Shauri la Talaka?

Yako maswali ambayo watu hawayaulizi mbele ya wote. Huyaleta jioni, mlangoni pa katekista au pa paroko, kwa sauti ndogo, na mara nyingi karatasi ya mahakama imefungwa katika pindo la kanga. Swali tunalolijadili leo ni mojawapo ya hayo.

Tumfikirie mama mmoja wa nchi ya Mara. Hatumsemi mtu fulani. Twataka kuwaweka mbele yenu wengi ambao hali yao ni moja. Mama huyu alifunga ndoa kanisani, Musoma, miaka kumi na minane iliyopita. Mumewe ni mvuvi mwenye mtumbwi wake. Yeye mwenyewe hulima mihogo na mtama upande wa Butiama, na msimu wa dagaa huanika na kuuza. Nyumba waliijenga pamoja, lakini hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake. Sasa mume ahamia Bunda kwa mwanamke mwingine. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa liliwaita, likasema nao, likashindwa. Mume akapeleka shauri mahakamani kuomba talaka, na karatasi ya wito imemfikia mama nyumbani.

Washauri hawakukosekana. Mama mwenzake wa Jumuiya alimwambia: “Sisi Wakatoliki hatuna talaka. Ukiweka wakili, umekwisha kuikubali. Usiende; mwachie Mungu.” Kaka yake naye alisema: “Tafuta wakili mkali. Tumnyang’anye kila kitu, hata mtumbwi.” Yule mama akatoka hapo hajui amfuate nani. Akaja kuuliza maneno mawili tu: “Padre, nikiweka wakili nitakuwa nimeivunja ndoa yangu? Nami nitazuiwa kupokea Komunyo?”

Swali hili si dogo. Nyuma yake mna roho ya mtu, mna watoto, mna paa la nyumba. Akijibiwa ovyo, aweza kupoteza vyote kwa kudhani kwamba anamtii Mungu. Au aweza kuupoteza moyo wa Kikristu kwa kudhani kwamba anatafuta haki. Kwa hiyo tulipime kwa utaratibu.

Kwanza tuseme wazi jambo lisilobadilika. Kristu Bwana wetu aliirudisha ndoa katika usafi wake wa mwanzo, akafundisha kwamba mwanadamu hana mamlaka ya kukitenganisha kile ambacho Mungu amekiunganisha. Ndoa ya Wakristu wawili waliobatizwa, iliyofungwa kwa halali na kukamilishwa, haivunjwi na mamlaka yoyote ya duniani, wala na sababu yoyote isipokuwa kifo. Hakimu wa Musoma aweza kuigawa nyumba. Aweza kuamuru nani akae na watoto, na nani awalishe. Aweza kuandika katika kitabu cha serikali kwamba fulani na fulani si mume na mke tena. Lakini kile kifungo kilichofungwa mbele ya altare hakimo katika meza yake. Hawezi kukifungua, kama vile hawezi kuufuta Ubatizo wa mtu.

Basi, angalieni yanayofuata kutoka fundisho hilo. Ikiwa hakimu mwenyewe hana uwezo wa kuivunja ndoa yetu, wakili atawezaje? Yule mama wa Jumuiya alidhani kwamba kumweka wakili ni kuivunja ndoa. Lakini wakili ni mtu anayetumwa kusema kwa niaba ya mwingine. Wema au ubaya wa kazi yake hutegemea kwanza ujumbe aliopewa. Ukimtuma mtoto dukani, hatuulizi tu kama alikwenda; twauliza ulimtuma kununua nini. Ndivyo ilivyo hapa. Swali la haki kwa Mkristu si kama yafaa kuweka wakili. Swali la haki ni hili: nitamtuma akaniletee nini?

Hapo washauri wote wawili wamekosea mahali pamoja. Mmoja alimwogopa wakili, mwingine alimtamani. Wala hapana hata mmoja aliyeuliza wakili huyo atatumwa kuleta nini.

Labda msomaji atatukumbusha kwamba Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya mahakimu wasio waamini. Ni kweli, nasi hatulidharau onyo lile. Ndugu wawili wanaoweza kupatana mezani, halafu wakaenda kutukanana mahakamani kwa tamaa na kiburi, wanaliaibisha jina la Kikristu. Lakini Paulo huyo huyo, alipokuwa karibu kupigwa mijeledi, hakuona haya kusema kwamba yeye ni raia wa Roma; na alipoona anatafutiwa kifo bila haki, alikata rufani kwa Kaisari. Kwa hiyo Mtume hakufundisha kwamba mwonewa anyamaze hata aangamie. Alikataza magomvi ya uchoyo, lakini hakuikataza ngao ya sheria kwa mtu anayeonewa.

Historia ya Kanisa inatupa mfano ulio karibu zaidi na shauri letu. Mwaka 1529, huko London, Mfalme Henry VIII wa Uingereza alitaka ndoa yake na Malkia Catherine wa Aragon itangazwe kuwa batili, maana moyo wake ulikuwa kwa mwanamke mwingine. Catherine hakunyamaza nyumbani kwa kusema kwamba Mkatoliki hana talaka. Alikwenda barazani, akatetea ndoa yake mbele ya waamuzi, akakata rufani kwa Baba Mtakatifu huko Roma. Naye alikuwa na watetezi. Mmoja wao alikuwa Askofu John Fisher, ambaye leo twamheshimu kama mtakatifu. Mwaka 1534 Papa Clemens VII aliamua kwamba ndoa ile ni halali. Mfalme hakutii, na mwaka 1535 Fisher alikatwa kichwa, na baada yake Thomas More, aliyekuwa mwanasheria mkubwa wa nchi ile.

Tazama jinsi elimu ile ile ya sheria ilivyotumiwa pande mbili. Wako waliomtumikia mfalme ili kumwondoa mke wake wa ndoa. Na wako waliosimama na mke aliyetupwa. Hapana aliyesema kwamba Catherine aliikubali talaka kwa sababu alikuwa na mtetezi. Kinyume chake, mtetezi wake ndiye aliyesema kwa nguvu kwamba ndoa ile haivunjiki. Mama wa Musoma aliyeitwa mahakamani na mumewe ana haki ile ile aliyokuwa nayo malkia. Kujibu shauri si kulianzisha.

Sasa tuone Kanisa lasema nini juu ya mtu ambaye hawezi tena kuishi na mwenzake. Wengi hudhani kwamba Kanisa lina jibu moja tu: vumilia. Sivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zasema kwamba mume na mke wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, ila ikiwapo sababu halali. Kisha zazitaja sababu hizo. Mmoja akizini, mwenzake anasihiwa sana asamehe, lakini asipousamehe uzinzi huo ana haki ya kukomesha maisha ya pamoja. Tena mmoja akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, au akiyafanya maisha ya pamoja kuwa mazito kupita kiasi, mwenzake ana sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya Askofu. Na kama hatari ni ya sasa hivi, aweza kuondoka mwenyewe bila kungoja. Mama anayekimbia usiku na watoto ili panga lisimfikie hakuivunja sheria ya Kanisa. Ameitumia. Hata hivyo, kifungo cha ndoa chabaki, na mlango wa kurudiana haufungwi na Kanisa, sababu ile ikikoma.

Na mahakama ya serikali je? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, imelijibu swali hilo. Yafundisha kwamba talaka ni kosa zito. Lakini yafundisha pia kwamba, ikiwa talaka ya kiserikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuhakikisha haki fulani za kisheria, kuwatunza watoto au kuulinda urithi, yaweza kuvumiliwa, nayo si kosa la kimaadili. Msomaji na alipime neno lile: njia pekee. Haikusemwa njia ya haraka, wala njia ya kumwaibisha mwenzako, wala njia ya kupata nafasi ya kuoa au kuolewa tena. Lakini pale ambapo kweli hapana njia nyingine, mtu asifungwe na mzigo ambao Kanisa lenyewe halikumtwika.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wakristu wengi hawakuambiwa, nalo laweza kuwaokoa na mashaka makubwa. Pale Mwitongo, Butiama, amelala Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa huko mwaka 1999. Alikuwa mtoto wa mtemi aliyekuwa na wake wengi, naye mwenyewe, akiwa Mkatoliki, alifunga ndoa na mke mmoja, Maria Gabriel, mwaka 1953. Alipokuwa Rais, nchi yetu ilipata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, baada ya Serikali kuyatoa mapendekezo yake mwaka 1969 ili wananchi wayajadili. Sheria hiyo ni ya watu wa dini zote na mila zote. Haikutungwa kuwa sheria ya Kanisa, na ndani yake mna talaka. Lakini haikuufungua mlango ovyo.

Kwanza, sheria hiyo yakataza shauri la talaka lisipelekwe mahakamani kabla ya mashaka ya ndoa kufikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi, na Baraza hilo kutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yako mambo machache yanayomwondolea mtu sharti hilo, kama vile mwenzake amemtoroka na hajulikani alipo, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kuja. Mabaraza hayo hupasa kuwapo katika kila kata, na jumuiya za dini nazo zaweza kuruhusiwa kuwa na mabaraza yao. Tena ndoa isiyotimiza miaka miwili haipelekwi kuombewa talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

Pili, na hili ndilo kubwa, sheria hiyo haikumpa mwenye mashaka mlango mmoja. Imempa milango miwili. Mwenye ndoa aweza kuiomba mahakama amri ya talaka, au aweza kuiomba amri ya kutengana. Amri ya kutengana haiivunji ndoa. Yawaondolea wajibu wa kuishi pamoja, lakini wabaki mume na mke, wala hapana anayepewa ruhusa ya kuoa au kuolewa kwingine. Na pamoja na amri hiyo, mahakama ina uwezo wa kuigawa mali iliyochumwa kwa jitihada za wote wawili, na kuamuru matunzo, kama vile ingefanya katika talaka.

Wasomaji wetu, je, mmeona? Amri ya kutengana yasema karibu neno lile lile lisemwalo na Kanisa: hawa hawawezi kukaa pamoja, lakini ni mume na mke. Basi Mkatoliki anayelazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya usalama, watoto au mali, yafaa autafute kwanza mlango huo. Azungumze na paroko wake, maana sheria za Kanisa zinampa Askofu uwezo wa kutoa ruhusa ya kuliendea baraza la serikali kwa shauri la kutengana. Kisha amwambie wakili wake waziwazi: “Sikuja kuomba talaka. Naomba kutengana, na haki zangu na za watoto.” Wakili mwema ataelewa. Asiyetaka kuelewa, na atafutwe mwingine. Na kama kutengana hakutoshi kuwalinda wanyonge, au kama mwenzake ndiye aliyeomba talaka na mahakama yaelekea kuitoa, hapo ndipo fundisho la Katekisimu tulilolitaja lashika nafasi yake.

Lakini kwa nini wakili? Mtu hawezi kusema mwenyewe? Mara nyingine aweza, na aokoe fedha zake. Mashauri mengi ya ndoa huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako husemwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia huko. Tangu mwaka 2021 wameruhusiwa pale ambapo mahakama hiyo huongozwa na hakimu mkazi. Kama hapana ugomvi wa mali wala wa watoto, na pande zote mbili zinasema kweli, huenda shauri la hekima la mtu anayejua sheria likatosha.

Lakini mrudieni yule mama wetu. Kiwanja kimeandikwa kwa jina la mume. Sheria huanza kwa kudhani kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja ni yake peke yake, mpaka mwingine alete ushahidi wa kulikanusha hilo. Nani atamwambia mama aliyezoea jembe na dagaa kwamba yampasa kuleta mashahidi, stakabadhi za mabati, fundi aliyejenga, jirani aliyemwona akibeba maji ya kufyatulia matofali? Nani atamwambia kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali? Nani atamwambia kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba aweza kuandikisha zuio ili isiuzwe kwa siri? Mumewe amekuja na wakili; yeye amekuja na machozi. Hakimu hawezi kuyaandika machozi katika hukumu, bali ushahidi.

Tena wako watoto. Katika makabila mengi ya Mara, Wakurya, Wazanaki, Wajita na wengine, ukoo waliotoa ng’ombe hujiona ndio wenye watoto. Hatuzidharau mila, mahari ina heshima yake, na imezishika ndoa nyingi. Lakini mtoto si ng’ombe arudishwaye zizini. Sheria ya nchi yaweka mbele ya yote manufaa ya mtoto. Mila hutazamwa, lakini haitangulii. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na sheria hiyo hiyo yasema kwamba mume hana haki ya kumpiga mke kumwadhibu, wala mke mumewe. Kumtuma wakili akayaseme haya mbele ya hakimu ni kazi ya haki, nayo haki ni fadhila.

Atasema mwingine: “Mnayasema hayo kana kwamba mawakili wote ni watakatifu. Tumeona moto mdogo ukipuliziwa ukawa wa msitu.” Hatukatai. Wako wanaopata chakula kwa kurefusha ugomvi, na wako wanaomfundisha mteja kusema uongo kwa utamu. Mwaka 2002 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia wanasheria kwamba hawapaswi kutumia kazi yao kwa lengo lililo kinyume cha haki, kama ilivyo talaka. Lakini waweza kushiriki pale ambapo nia ya mteja si kuivunja ndoa, bali kupata matokeo mengine ya halali ambayo katika nchi fulani hupatikana kwa njia hiyo tu. Wakili Mkatoliki na alishike neno hilo. Naye anaye mwombezi: Mtakatifu Ivo wa Bretagne, padre na mwanasheria wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1303, aliyewatetea maskini bila malipo na kupenda kuwapatanisha watu kabla ya kuwahukumu.

Mtu asiye na fedha asikate tamaa. Nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyotungwa ili wasio na uwezo wapate msaada huo bila malipo. Wapo wasaidizi wa kisheria hata vijijini. Na aulize ofisi ya kata au ya wilaya. Asiuze shamba la watoto ili kupata fedha za kuligombania shamba lile lile.

Yabaki neno kwa yule mume, maana yeye naye huenda akayasoma haya. Ndugu, wewe uliyemtuma wakili ili akuondolee mke wa ujana wako upate kumhalalisha mwingine, usidanganyike na muhuri. Utatoka mahakamani na karatasi mkononi, na kiapo chako kitakuwa pale pale ulipokiacha. Hata sheria ya nchi, kabla ya talaka, hairuhusu ndoa ya Wakristu wawili iliyofungwa kanisani igeuzwe kuwa ya wake wengi wakiwa bado Wakristu. Kama kweli waamini kwamba ndoa yako haikuwa halali tangu mwanzo, iko Mahakama ya Kanisa. Tangu mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alifupisha taratibu zake na kuagiza kwamba, kadiri iwezekanavyo, zisiwe na malipo. Huko huulizwa kama kifungo kilikuwapo. Lakini huko nako huendi kununua hukumu; waenda kutafuta ukweli, na ukweli huo waweza kuwa kwamba ungali mume wa mke wako.

Na sisi wengine, ndugu na majirani, tuna wajibu wetu. Tusimfukuze mtu kwa ulimi. Mama aliyeachwa kwa talaka asiyoitaka, naye akabaki mwaminifu kwa kiapo chake, hakutenda dhambi ya talaka. Wala anayekaa peke yake baada ya talaka, bila kuolewa tena, hazuiwi kwa sababu hiyo kupokea Sakramenti. Wangapi wamekaa nyuma ya kanisa miaka mingi, wakiwatazama wenzao wakiandamana kwenda Komunyo, kwa sababu tu jirani aliwaambia kwamba wamekatazwa! Hilo ni kosa letu, si lao. Jumuiya inayojua kumwambia mama avumilie, na ijue pia kumsindikiza mahakamani, kumpikia watoto siku ya shauri, na kumwazima nauli.

Basi, tukirudi mlangoni pa paroko, yule mama na ajibiwe hivi. Mama, nenda ukajibu wito. Kutokwenda hakuilindi ndoa yako, kwaweza kuwapotezea watoto wako haki zao. Kabla ya kumwendea wakili, jiulize mbele ya Msalaba: nimefanya niwezalo ili tupatane? Ninalotafuta ni haki au kisasi? Ninachokidai ningekidai hata kama moyo wangu usingekuwa na uchungu? Nitasema kweli tupu, hata ile inayonipunguzia? Ukiyajibu hayo kwa dhamiri safi, weka wakili bila hofu. Mwambie wewe hutaki talaka, kwamba waitetea ndoa yako. Na kama mahakama haitasikia, basi akutetee paa, shamba na watoto. Usimtume kuchukua mtumbwi wa mtu ili afe njaa. Ukipewa haki yako, yatosha.

Na hukumu ikitoka, iwe yoyote, rudi Jumapili ukae mahali pako pa siku zote. Pete yako uliivalia altareni, na hakimu hakuomba uivue.